Aliyepumzishwa

Siku ya kliniki ya sukari, saa nne asubuhi, Naelijwa Mgonja alikuwa amekwisha kuosha mikono mara nne na bado hajamwita mgonjwa wa kwanza. Kishikwambi kilikuwa mezani mbele yake. Juu ya kioo chake palikuwa na mstari mmoja mwekundu ambao tangu Jumatatu haukubadilika: Zahanati ya Kisanjuni, wagonjwa 133, waliotulia 93. Asilimia sitini na tisa nukta tisa.

Iliyotakiwa ni sabini. Miezi miwili ilikwisha kupita chini ya sabini, na huu ulikuwa wa tatu. Kesho, Ijumaa, saa sita mchana, Mizani, mfumo uliosimamia dawa ya sukari, ingefunga hesabu ya mwezi. Tarakimu ile ikibaki vile ilivyo, wiki ijayo lingepanda lori mlimani kuja kung'oa kinu.

Kinu kilikuwa nyuma ya zahanati, ndani ya banda la wavu: pipa la chuma, kimo cha mtu mzima, likinguruma polepole mchana na usiku. Humo ndani chachu iliyobadilishwa vinasaba ilikula lishe yake na kutema insulini, na insulini hiyo ikajaza kalamu za sindano za kata nzima. Kalamu za kununua, zile za viwanda vya ng'ambo, zilikwisha kutoweka madukani Naelijwa akiwa bado mwanafunzi wa utabibu. Miaka yake ya kwanza kazini aliitumia kuandika barua za rufaa kwa watu ambao vidole vya miguu vilikuwa vimeshageuka vyeusi. Tangu kinu kije, miaka ishirini sasa, hakuna mguu hata mmoja uliokatwa Kisanjuni. Wageni walipofika aliwaambia hilo kabla hajawaonyesha vyoo vipya.

Tatizo lilikuwa lishe. Lishe ya chachu ilitosha vinu arobaini, na zahanati zilikuwa mia moja na kumi. Ndiyo sababu ya kuwekwa Mizani. Kila mgonjwa alibandikwa kiraka nyuma ya mkono, upana wa kifungo cha koti, kikasoma sukari yake kila dakika tano na kuituma. Mizani haikusoma ripoti, haikukagua rangi ya kuta, haikuuliza mganga ana cheti gani. Ilitazama jambo moja tu: je, dawa imemtuliza aliyepewa? Zahanati inayotuliza watu ibaki na kinu. Isiyotuliza, kinu kiende kwa wengine. Katika mkutano wa waganga wafawidhi, Naelijwa alisimama mwenyewe akaunga mkono, na akapigiwa makofi. Alikuwa amechoka kuona dawa ikichomwa ovyo na watu wakizidi kupofuka.

Kisha wakang'oa kinu cha Mrikani, kata ya pili yake. Wagonjwa hamsini na wanane. Naelijwa alihudhuria mazishi ya Mrikani mpaka yakafika thelathini, akaacha kwenda.

Chini ya mstari mwekundu palikuwa na kitufe cha buluu kilichoandikwa: Pumzisha mgonjwa. Mizani haikukupa orodha uchague. Ilipendekeza jina moja, la mtu ambaye sukari yake ilikuwa mbali zaidi na kutulia, ikakuachia kazi ya kubonyeza. Aliyepumzishwa alitoka kwenye rejista na kutoka kwenye hesabu, kalamu yake ikafungwa, na hapakuwa na zahanati wala hospitali ya kumpokea mpaka miezi kumi na miwili ipite. Wagonjwa 132, waliotulia 93. Sabini nukta tano.

Jina lenyewe alilijua tangu Jumatatu.

"Nampombe Kirangi," aliita.

Aliingia mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minne, ana nyuzi za cherehani zimenata kwenye mikono ya sweta. Alikuwa fundi wa sare za shule; nusu ya watoto wa Kisanjuni walikwenda darasani ndani ya kazi ya mikono yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Umelalaje?"

"Mimi nimelala. Sukari ndiyo haikulala." Alicheka kidogo, akafungua daftari lake juu ya meza. Hili lilikuwa la ishirini na ngapi, Naelijwa hakukumbuka. Nampombe aliletwa zahanati hii kwa machela akiwa na miaka kumi na sita, hajitambui, pumzi inanuka kama embe lililooza, na Naelijwa ndiye aliyekaa naye siku tatu mpaka akafumbua macho. Tangu hapo aliandika kila alichokula, kila saa, kila sindano. Na tangu hapo alimwita mama.

"Tazama hapa. Juzi nimekula viazi viwili na maharage kikombe kimoja. Nimechoma yuniti kumi na mbili kama ulivyosema. Baada ya saa mbili, nane. Nikafurahi. Jana nimekula vilevile, saa ileile, nimechoma vilevile. Kumi na tisa." Aliinua macho. "Niambie, mama, nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Basi mbona haitulii?"

Naelijwa alilijua jibu. Kuna watu wachache namna hiyo, mwili wao hupokea dawa leo na kuikataa kesho, na hapana kosa wanalofanya. Vitabu alivyosomea vilikuwa na ukurasa mzima juu yao. Mizani haikuwa na ukurasa huo.

"Mwezi ujao tutagawa dozi mara tano kwa siku," alisema. "Tuone."

Maneno yalimtoka kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema karibu tena. Nampombe aliyaandika kwenye daftari, akapigia mstari chini.

*

Usingizi haukuja, lakini asubuhi ilikuja. Naelijwa alitafuta njia nyingine mpaka saa tano. Alifikiria kukibandika kiraka cha Nampombe kwenye mkono wake mwenyewe, kisome damu yake iliyo nzima. Lakini viraka vilijua damu ya wenyewe, na tabibu mmoja wa bondeni aliyejaribu hivyo alikuwa gerezani. Aliandika maombi ya msamaha maalumu. Jibu lilirudi kabla hajatoa kidole kwenye kioo: ombi limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku tisini.

Saa tano na nusu alibonyeza kitufe cha buluu. Kishikwambi kikamtaka sababu, na sababu iliyokuwepo ilikuwa moja tu, na kisanduku kitupu pembeni yake: Mgonjwa hafuati matibabu.

Aliweka alama ya vema. Mstari mwekundu ukageuka kijani. Nje, kwenye mabenchi, watu walikuwa wanazungumzia bei ya tangawizi.

Jumamosi asubuhi Nampombe alimkuta akifagia ukumbi.

"Mama, kalamu imekufa. Tangu alfajiri naigusisha kwenye kiraka, haiwaki taa."

Naelijwa alikuwa amejiandalia hotuba nzima juu ya kata na vinu na Mrikani. Ilimpotea yote. "Umepumzishwa," alisema.

"Nimepumzishwa nini? Mimi sijachoka."

"Kwenye rejista, mwanangu. Tulikuwa tumebakiza mtu mmoja kufika sabini. Kinu kingeondoka. Watu mia moja na thelathini na mbili..."

Nampombe alisimama na kalamu mkononi. Alikuwa mtu wa kupima vitambaa, mwepesi wa hesabu, haikumchukua muda. "Na mimi ndiye wa mia na thelathini na tatu."

"Ndiyo."

"Hospitali ya wilaya?"

"Wanasoma rejista ileile."

"Ni siku ngapi, mama?"

"Wiki. Pengine siku kumi. Ukinywa maji mengi, ukiacha wanga kabisa..."

"Umeandika sababu gani?"

Naelijwa alitazama fagio.

"Nakuuliza, mama. Lazima kuna sababu uliyoandika."

"Kwamba hufuati matibabu."

Nampombe hakupiga kelele. Naelijwa angeshukuru kama angepiga kelele. Alifungua mkoba, akalitazama daftari lililokuwa humo kama mtu anayehakikisha bado lipo, akaufunga. Akatoka kwa mwendo wake wa siku zote, akipita pembeni ili asiukanyage uchafu uliokwisha kukusanywa.

*

Siku ya nane Naelijwa aliitoa kanga yake nyeusi sandukuni, akaianika iondoke mikunjo. Siku ya kumi alikaa kazini akisubiri mtu wa kuleta habari. Hakuja mtu. Siku ya kumi na mbili alikwenda gulioni kununua mchicha, na pale kwa muuza nyuzi akamwona Nampombe, amesimama wima, anapatana bei ya vifungo.

Alifurahi hata akataka kumkimbilia. Halafu akaogopa, kwa sababu utabibu aliusoma na alijua mwili ule hauwezi kusimama siku kumi na mbili bila insulini.

"Shikamoo, daktari," Nampombe alisema, akachukua vifungo vyake, akaenda.

Miaka kumi na minane alikuwa mama. Sasa alikuwa daktari.

Wiki hiyohiyo mstari wa kijani ulianza kushuka. Watu tisini na watatu waliotulia wakawa tisini, wakawa themanini na saba, wakawa themanini na watano. Zahanati ilikuwa bado chini ya uangalizi. Mwezi mmoja tu wa kuanguka tena, kinu kinaondoka bila onyo. Mizani ilihesabu siku kumi za mwisho wa kila mwezi, na siku hizo kumi zilikuwa zinaanza Jumatatu ya pili yake.

Naelijwa alidhani chachu imeoza. Alichukua tone la dawa kutoka kinu, akalipima mara tatu kwa kipimo cha ghala; dawa ilikuwa safi kuliko ya mwaka jana. Akarudi kwenye kumbukumbu za kalamu. Watu kumi na mmoja sukari zao zilikuwa zimepanda, wanane kati yao walikuwa wametulia mwezi uliopita, na wote kumi na mmoja kalamu zao zilionyesha wamechoma dozi kamili, kwa saa zake. Dawa imetoka, sukari haikushuka. Akatazama nyumba zao ziko wapi. Zote zilikuwa kati ya kanisa na mashine ya kusaga ya Nakiete Mshana.

Jumanne mchana alifika mashineni. Injini ilikuwa imezimwa, na hilo peke yake lilikuwa ajabu, maana Nakiete hakuzima injini yake mchana wa siku ya kusaga hata kwa msiba. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani, kati ya magunia, watu sita walikuwa wamekaa kwenye madebe yaliyopinduliwa, na Nakiete, mjane mnene wa miaka sitini, uso mweupe kwa unga, alikuwa amepandisha mkono wa blauzi. Aligusisha kalamu kwenye kiraka chake. Taa ikawaka. Akajichoma tumboni, akahesabu kwa sauti hadi kumi na tisa, akaitoa sindano kabla dozi haijaisha. Kilichobaki akakisukumia ndani ya kichupa kidogo cha dawa ya macho kilichofungwa kitambaa kibichi. Kisha akampa kichupa aliyefuata.

Naelijwa alisukuma mlango.

Hakuna aliyeshtuka sana. Mmoja alianza kukificha kichupa, Nakiete akamshika mkono. "Acha. Ameshaona."

"Mnampa ngapi?" Naelijwa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kitabibu, yeye mwenyewe hakuitambua.

"Tatu tatu. Tuko kumi na mmoja. Anapata thelathini na tatu kwa siku, zinamtosha. Tulimuuliza yeye hesabu, ndiye ajuaye."

"Alikubali?"

"Alikataa siku tatu. Siku ya nne alikuwa hawezi kukataa, alikuwa chini. Tukamchoma wenyewe."

"Mama Mshana, sukari yako jana ilikuwa kumi na saba."

"Najua. Macho yanaona ukungu."

"Na Mizani imeona. Imewaona wote. Tuko asilimia sitini na nne. Mwisho wa mwezi kinu kinang'olewa. Mnaelewa? Hamtampa mtu tatu, hamtakuwa na hata moja. Mmesahau Mrikani?"

Nakiete alijipangusa unga usoni kwa kiganja. "Mrikani nilizika dada yangu," alisema. "Usiniulize kama nimesahau. Lakini wewe, daktari, siku ile ulipobonyeza kile kidude chako, ulikuja kutuuliza? Ulituita ukasema, jamani, tufanye nini? Uliamua peke yako, ukatupa uhai wetu kama zawadi, na ndani yake kuna mtu. Sisi tukaona hatuwezi kula zawadi ile. Ndiyo hivyo tu. Hatukupanga kuwa wakaidi."

"Watu mia moja na ishirini na mmoja wengine hawakuulizwa na ninyi pia."

Nakiete alishusha mkono wa blauzi, akaufunga kifungo. Mtu mmoja kwenye debe alianza kulia kimya kimya, mikono juu ya magoti.

*

Alhamisi aliwaita wote kumi na mmoja zahanati, akafunga mlango. Alikuwa amepanga kuwasihi. Usiku kucha alifanya mahesabu kwenye karatasi: kama watu wote 132 wangetoa robo ya yuniti kila mmoja, Nampombe angeishi na hakuna sukari ambayo ingepanda. Ilikuwa hesabu nzuri kabisa. Lakini kalamu hazikugawa chini ya yuniti moja, ndivyo zilivyotengenezwa. Na kama wangepokezana zamu, kila siku watu thelathini na watatu, yuniti moja kila mmoja, ingebidi watu mia na thelathini na mbili watunze siri moja, na kati yao walikuwepo wenye watoto wadogo, wenye hofu, na wawili waliokwisha kumwambia Naelijwa wazi kwamba alifanya vema kumwondoa yule fundi.

Aliwaeleza yote hayo. Aliwaeleza vizuri. Walisikiliza kama watu wanavyosikiliza tangazo la mvua, na alipomaliza mzee mmoja, Elisante, mchonga mipini ya majembe, aliuliza, "Kwa hiyo unasema tumwache afe?"

"Nasema kuna mambo ambayo..."

"Sema maneno yenyewe, daktari."

Na hapo, badala ya kusihi, likamtoka jambo ambalo hakulipanga. "Nasema hivi. Jumatatu Mizani inaanza kuhesabu. Nikiona hamjatulia, itanipendekezea majina yenu, moja baada ya jingine, na nitabonyeza. Kumi na mmoja mkitoka, waliobaki wanapita sabini. Mnanielewa? Nitabonyeza mara kumi na moja."

Alisikia maneno yake yakigonga kuta. Alitaka kuyarudisha, na papo hapo alitambua kwamba ni kweli, kwamba angefanya, na kwamba hesabu ilikubali.

Elisante alisimama kwanza, akachukua kofia yake. Wengine wakamfuata. Nakiete alibaki ameketi.

"Nilidhani unalia ndani," alisema. "Kwenye mashine nilikutazama nikasema, huyu mtoto wa Mgonja analia ndani, tumsamehe."

"Nalia, mama."

"Basi haisaidii," Nakiete alisema, akajikokota kuelekea mlangoni, akipapasa ukuta kwa sababu ya ukungu wa macho.

Jumatatu saba walikuwa wameacha. Jumanne watatu. Naelijwa aliwaona kwenye kishikwambi, mmoja baada ya mwingine, sukari zikishuka laini kama watoto wanaolazwa: kumi na tano, kumi na moja, nane, saba. Aliyebaki juu ni mmoja, na alimjua. Hakubonyeza. Yuniti tatu za mtu mmoja hazikuwa na uwezo wa kuharibu sabini, na hazikuwa na uwezo wa kumweka mtu hai.

*

Alimwendea Nampombe Ijumaa mchana, amebeba chupa mbili za maji ya dripu. Maji hayakukatazwa, maji hayakuwa na rejista. Mlango ulifunguliwa na Nakiete, ambaye hakusema karibu wala usiingie.

Nampombe alikuwa amelala chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa karibu na cherehani. Alikuwa anavuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu aliyepanda mlima bila kupumzika, na chumba kizima kilikuwa na ile harufu ya embe lililooza. Midomo imepasuka. Naelijwa alitafuta mshipa kwenye mkono uliokauka, akaukosa, akaukosa tena, akaupata mguuni. Akatundika chupa kwenye msumari wa kalenda.

"Nani?" Nampombe aliuliza.

"Mimi. Naelijwa."

Nampombe alivuta pumzi kadhaa. "Daktari. Wale wote wametulia?"

"Wametulia."

"Mzee Elisante je? Alikuwa na kidonda kisigino."

"Nimekiona jana. Kinafunga."

"Vema." Alifumba macho. Baadaye akasema, kwa shida, akivuta pumzi kila baada ya neno au mawili, "Nilijaribu kuwakatalia. Waambie watu. Isije ikaandikwa na hilo, kwamba nilikuwa... nawala wenzangu."

"Hakuna atakayeandika hivyo."

"Wewe huandika."

Kando ya cherehani palikuwa na rundo la mashati ya shule, meupe, yamekamilika isipokuwa vifungo. Naelijwa alichukua moja, akachukua sindano na uzi, akaanza kushona vifungo, kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi nyingine inayoifaa. Hakuwa fundi. Kifungo cha kwanza kilikaa upande. Nakiete alimtazama muda mrefu kutoka kwenye kigoda chake, kisha akasogea, akachukua shati la pili, akalishika karibu kabisa na pua ili aone pa kupitisha sindano, wakashona wote wawili bila kusemezana. Nampombe aliendelea kupanda mlima wake. Jumamosi saa nane mchana akafika mwisho wake.

Kanisani palijaa. Hakuna aliyemsogelea Naelijwa, na hakuna aliyemfukuza. Wale kumi na mmoja walikaa benchi moja, na walipopita mbele ya jeneza kila mmoja aliligusa, isipokuwa Elisante, ambaye mikono aliificha ndani ya koti.

*

Mwezi ulipofungwa Kisanjuni ilipata asilimia themanini na nne. Haikuwahi kutokea. Mwezi uliofuata, tisini na moja. Mgeni mmoja kutoka makao ya Mizani, kijana mpole aliyevaa viatu visivyofaa matope, alipanda mlima kuja kujifunza siri ya mafanikio. Aliuliza kama ni elimu ya lishe. Aliuliza kama ni vikundi vya wagonjwa kusaidiana. Naelijwa alimwonyesha kinu, akamwonyesha vyoo, akamtengenezea chai bila sukari.

"Lazima kuna kitu mnachokifanya," kijana alisema, kalamu ya kuandikia imeinuliwa.

"Wanafuata matibabu," Naelijwa alijibu.

Kijana naye aliandika.

Ilikuwa kweli. Walifuata. Siku za kliniki walifika kabla ya kufunguliwa mlango, wakakaa kwenye mabenchi wamenyooka, hawapigi soga, kila mmoja amepandisha mkono wa nguo ili kiraka kionekane. Kwenye harusi hawakugusa wali. Mtu akipata homa, aliificha nyumbani akitetemeka, maana homa hupandisha sukari. Mwanamke mmoja mjamzito alijinyima chakula mpaka akazimia njiani, na alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa kiraka kinasoma ngapi. Naelijwa alikwenda nyumba kwa nyumba akiwasihi wale chakula. Walimwitikia ndiyo, daktari, na hawakula.

Alhamisi moja ya mwezi wa baridi aliingia mama mmoja kijana aitwaye Nasemba, amempakata binti yake wa miaka saba. Mtoto alikuwa ameingizwa kwenye rejista wiki tatu zilizopita, kiraka kikubwa kuliko mkono wenyewe. Sukari yake ilikuwa sita kamili. Tangu aandikishwe ilikuwa sita, saba, sita, sita.

"Anaendelea vizuri sana," Naelijwa alisema.

"Ndiyo, daktari. Simwachi acheze mbali, nisije nikachelewa kumchoma." Mama alimbana mtoto kifuani. Mtoto alikuwa na mafua. Alikuwa anajizuia kukohoa, uso umemvimba kwa kujizuia, na macho yake yalikuwa kwenye kishikwambi, siyo kwa daktari. "Nilitaka kuuliza kitu, kama hutakasirika."

"Uliza."

"Akiugua. Tuseme mafua haya yakishuka kifuani, sukari ikapanda ikakataa kushuka. Mwezi mmoja, miwili. Utamfanyaje?"

Naelijwa alikiweka kishikwambi pembeni. Nje, kinu kilikuwa kinanguruma, na ukumbini watu hamsini walikuwa wamekaa kimya kiasi kwamba ilimbidi adhani wote wanasubiri jibu lile. Alimtazama mtoto. Alitafuta ndani yake neno lolote ambalo lingekuwa la kweli na ambalo mama angeweza kwenda nalo nyumbani, akatafuta kwa muda ambao Nasemba alianza kuuelewa.

Aliinama, akamfunga mtoto kifungo cha sweta, akamvutia kofia hadi masikioni.

"Jitahidi usiugue," alimwambia.